Darasa la awali limerekebishwa, lakini watoto watatu hao hao huishia meza ya mlangoni: sababu ni nini?

#1 MwalimuTulivu

Habari zenu, wanajukwaa. Nafundisha darasa la awali lenye watoto 26 wa umri wa miaka 4 hadi 5. Miongoni mwao wamo watatu ambao ulemavu wao unafahamika: mmoja ana mtindio wa ubongo na hutumia kiti cha magurudumu, mmoja huvaa vifaa vya kusaidia kusikia kwenye masikio yote mawili, na wa tatu ana usonji, haongei sana, ingawa huelewa karibu kila anachoambiwa.

Kabla ya muhula kuanza, chumba kilifanyiwa marekebisho. Kizingiti cha mlango kiliondolewa, mlango ukapanuliwa hadi sentimita 90, choo kikawekwa vyuma vya kushikilia, na ratiba ya siku ikabandikwa ukutani kwa picha. Wageni wakija husema kwamba hili ni darasa jumuishi kweli. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, mpaka nilipoanza kuandika kila siku, kwa dakika 10, nani yuko wapi wakati wa michezo ya hiari.

Kwa majuma matatu daftari langu linasema jambo lile lile. Watoto 23 husambaa kwenye kona ya matofali ya mbao, kona ya nyumba, maji na vitabu. Watatu hao, ambao mahitaji yao hayafanani hata kidogo, huishia kwenye meza moja iliyo karibu na mlango. Hakuna anayewapeleka pale, na wala sijasikia mtoto yeyote akiwafukuza kwingine. Naomba wenye uzoefu wanisaidie kuelewa ni nini katika chumba hiki kinachowasukuma pale. Nawasilisha.

#2 Kipimo

Asante kwa mada, mwalimu. Kabla ya kutafuta sababu ndani ya watoto, chukua tepu ya fundi uipime sakafu. Mlango wa sentimita 90 ni mzuri, lakini mlango humwingiza mtoto tu. Haumfikishi kwenye matofali. Kiti cha magurudumu kinahitaji duara la takriban mita 1.5 ili kigeuke bila kurudi nyuma mara tano, na njia kati ya rafu na rafu isipungue sentimita 90. Katika madarasa mengi niliyoyakagua, marekebisho huishia mlangoni kwa sababu mlango ni kazi ya mjenzi, ilhali rafu hupangwa na mwalimu baada ya mjenzi kuondoka. Dhana yangu ni kwamba meza ya mlangoni ndiyo sehemu pekee chumbani ambapo kiti hicho kinaweza kugeuka.

#3 SeremalaMkweli

Kipimo, hukosi kufika na tepu yako, na safari hii nakuunga mkono, ila umepima upana ukasahau kimo. Matofali yanachezewa wapi, mwalimu? Kama ni mkekani, basi hata ukifungua njia ya mita mbili, mtoto aliye kitini atafika ukingoni na kuwatazama wenzake utosini. Nimewahi kutengeneza jukwaa la mbao la kuchezea matofali, limeinuliwa kiasi cha magoti ya kiti kupita chini yake, na watoto wengine walicheza wakiwa wamesimama. Hakuna aliyelalamika kuhusu kusimama. Watoto wa umri huo hawatulii kwenye makalio yao hata ukiwaomba.

Nyongeza ndogo: kama nje ya mlango kuna mteremko, uwe wa 1 kwa 8. Unatosha.

#4 Kipimo

Hapana, fundi, hapo nakusahihisha kwa heshima. Kiwango kinachotumika kwa kawaida ni 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji angalau sentimita 12 za urefu. Ngazi yenye kimo cha sentimita 45 itahitaji mteremko wa mita 5.4. Ukiukata hadi 1 kwa 8 utabaki na mita 3.6, utapendeza kwenye mchoro, lakini mtoto wa miaka 5 hataupanda kwa mikono yake mwenyewe, na siku ya mvua mtu mzima anayemshusha atateleza naye.

#5 SeremalaMkweli

Nimekubali. Nilikuwa nakumbuka miteremko ya kupakilia mizigo.

#6 SautiChini

Naomba tusimame kwenye sikio kidogo, kwa sababu wote wawili mmemzungumzia mtoto mmoja kati ya watatu. Kazi yangu ni kupima usikivu wa watoto. Watu wengi huamini kwamba kifaa cha kusaidia kusikia hurudisha usikivu kama miwani inavyorudisha uoni. Sivyo. Kifaa hukuza kila sauti inayokifikia, pamoja na mwangwi, kiti kinachoburuzwa na mnara wa matofali unaoanguka. Sauti ya mwalimu hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, lakini kelele ya chumba hukaa vile vile. Ili mtoto huyo ayafuate maneno, inashauriwa sauti ya msemaji iizidi kelele kwa desibeli 15 hivi, na chumba chenye sakafu ya vigae, kuta tupu na dari ngumu hakiwezi kumpa nafasi hiyo.

Viwango vya Marekani vya madarasa vinataka kelele ya chumba kikiwa kitupu isizidi desibeli 35 na mwangwi ufifie ndani ya sekunde 0.6. Huhitaji mashine ili kupata picha ya awali. Simama katikati ya chumba watoto wakiwa hawapo, piga kofi moja, kisha sikiliza mkia wake, yaani mwangwi unaobaki. Ukiusikia mkia huo waziwazi, mtoto huyo anakimbia kelele, na mwenzake mwenye usonji huenda anakimbia kitu hicho hicho.

#7 MwalimuTulivu

Nawashukuru sana. Nimepima leo jioni. Kati ya rafu ya vitabu na mkeka wa matofali kuna sentimita 68. Matofali yanachezewa chini, kama alivyohisi SeremalaMkweli. Nimepiga kofi pia: mkia upo, unasikika kama mtu wa pili amepiga kofi nyuma ya ukuta. Sakafu ni vigae vitupu isipokuwa mikeka miwili. Meza ya mlangoni iko mbali kuliko zote na kona ya matofali.

#8 MamaWawili

Mimi ni mzazi wa pacha, mmoja ana usonji na mwingine hana, na nimeona madarasa mengi kwa macho mawili tofauti. Mwalimu, kuta zako zikoje? Darasa la kwanza la mwanangu lilikuwa na herufi za rangi tano, wanyama wa karatasi wakining'inia kwenye kamba, siku za kuzaliwa, ramani na saa ya karatasi. Pacha wake aliliita darasa la sherehe. Yeye mwenyewe alikuwa akiingia huku amefunga jicho moja kwa kiganja, na nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa akipunguza vitu vya kutazama hadi nusu.

Je, meza ya mlangoni inatazama ukuta ulio mtupu?

#9 Mkutubi

Swali la MamaWawili lina msingi katika utafiti. Mwaka 2014 Anna Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliwafundisha watoto 24 wa chekechea masomo mafupi, mara katika chumba kilichojaa mapambo na mara katika chumba kilekile mapambo yakiwa yameondolewa. Penye mapambo mengi watoto walipoteza muda zaidi kwa kutazama kando, na walijibu sawasawa maswali machache zaidi: asilimia 42 ikilinganishwa na asilimia 55. Hao walikuwa watoto wachache na masomo yalikuwa machache, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti huo mzigo usio wake. Lakini unatosha kumfanya mwalimu aulize kila karatasi ukutani inamfanyia nani kazi.

Na tukumbuke kwamba fikra hii ya chumba kumfuata mtoto ni ya zamani. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alipofungua nyumba yake ya watoto wenye ulemavu huko Roma mwaka 1907, aliagiza meza na viti vyepesi ambavyo mtoto angeweza kuvibeba mwenyewe.

#10 Nanga

Mkutubi, rekebisho dogo. Nyumba ya mwaka 1907 ilifunguliwa katika mtaa wa San Lorenzo kwa ajili ya watoto wa familia maskini. Haikuwa ya watoto wenye ulemavu. Kazi yake na watoto waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili ilitangulia, kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mpangilio huo wa matukio una uzito katika uzi huu: vifaa vilivyobuniwa kwanza kwa watoto waliotengwa ndivyo vilivyopelekwa baadaye kwa watoto wengine wote.

#11 Mkutubi

Ni kweli, nilichanganya. Asante.

#12 Mlezi_K

Nimekuwa mwalimu msaidizi kwa miaka 11 na nitauliza jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mwalimu, msaidizi wako huketi wapi wakati wa michezo ya hiari? Naliuliza kwa uchungu kwa sababu yaliyonikuta nayakumbuka. Nilipewa kazi ya kumsaidia mtoto mmoja, nikamsaidia kwa moyo wote: nilimshikia kikombe, nikamjibia alipoulizwa jina, nikaketi kati yake na wenzake ili wasimsukume. Mwishoni mwa mwaka alikuwa na rafiki mmoja, nami ndiye niliyekuwa rafiki huyo. Mtafiti wa elimu Michael Giangreco na wenzake waliandika kuhusu hali hii huko Marekani mwaka 1997, kwamba mtu mzima anayemganda mtoto humkinga pia dhidi ya urafiki, na niliposoma muhtasari wake nilihisi nimeandikwa mimi.

Samani zinaweza kuwa sawa zote, lakini kama kiti cha mtu mzima kimewekwa pale mlangoni, watoto watatu watakifuata.

#13 MwalimuTulivu

Mlezi_K, umenigusa. Msaidizi huketi hapo hapo, kwa sababu ndipo alipoambiwa angoje endapo mtoto atahitaji kwenda chooni. Ila daftari langu linaonyesha kwamba siku mbili alizokuwa hayupo, watoto bado walikuwa pale. Siku mbili ni chache, najua.

Kwa MamaWawili: ndiyo, ukuta wa pale ni mtupu, umepakwa rangi ya maziwa. Kuta nyingine tatu zimejaa, na mimi ndiye niliyezijaza.

#14 MikonoYasema

Salamu kwenu. Mimi ni kiziwi tangu utotoni na lugha yangu ya kwanza ni lugha ya alama. Nimewasoma wote na nimeona mnalichukulia kama ugonjwa kwamba watoto watatu wanaketi pamoja. Katika darasa langu la awali tulikuwa viziwi wawili kati ya watoto wanaosikia. Kila siku tulipopata nafasi tulikwenda nyuma ya kabati, na walimu walikuwa wakitutoa kwa upole wakitutawanya, wakiamini wanatujumuisha. Hawakujua kwamba nyuma ya kabati ndipo mahali pekee pa siku nzima ambapo nilielewa kila neno.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 24, unadai elimu jumuishi, na katika kifungu hicho hicho unadai lugha ya alama iwezeshwe na utambulisho wa jamii ya viziwi uendelezwe. Yote mawili yamo. Kabla hujaisogeza meza, mwalimu, tafadhali watazame: wanafanya nini pale? Wanazungumza kwa namna yoyote? Wanacheka?

Jambo jingine: dirisha lako liko upande gani? Ukisimulia hadithi ukiwa umelipa dirisha mgongo, uso wako ni kivuli, na mtoto anayesoma midomo anabaki na sauti peke yake.

#15 Kipimo

MikonoYasema amesema jambo ambalo sikulifikiria, na nakiri kwamba linanipa shida kama msanifu, kwa sababu tepu haiwezi kupima kama mtoto amechagua au amekosa chaguo. Hata hivyo nasimamia hoja yangu kwa sehemu: aliyechagua meza huku kona nyingine zimefungwa kwa sentimita 68 hatuwezi kusema amechagua. Fungua njia kwanza, ndipo uulize.

#16 SeremalaMkweli

Na kwa SautiChini: tukitandika zulia juu ya vigae ili linyonye sauti, sawa, lakini zulia nene hukamata magurudumu, na ukingo uliokunjuka huangusha mtoto anayeyumba akitembea. Tunamsaidia mmoja tukimzuia mwingine.

#17 SautiChini

Ni hoja ya haki. Tumia zulia jembamba lililogandishwa sakafuni hadi pembeni, kisha tafuta utulivu uliobaki mahali ambapo magurudumu hayapiti: ubao wa kitambaa ukutani, mapazia mazito, mbao laini darini, na vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti. Matofali ya mbao yakichezewa juu ya jukwaa lako, lifunike kwa mpira mwembamba, maana ubao mtupu utalia kama ngoma.

Mgongano wa mahitaji haukwepeki. Mtoto mwenye uoni hafifu atataka mwanga mkali na kingo zenye rangi inayotofautiana wazi na sakafu; mwenye usonji huenda akataka mwanga upunguzwe. Ndiyo sababu napendelea taa zinazowashwa kwa sehemu badala ya swichi moja ya chumba kizima.

#18 Nanga

Hapa ndipo ningependa tutenganishe mambo mawili ambayo Mkataba wenyewe unayatenganisha katika kifungu cha 2. Kuna usanifu kwa wote, yaani kutengeneza kitu tangu mwanzo ili kitumiwe na watu wengi iwezekanavyo. Na kuna marekebisho yanayofaa, yaani kumfanyia mtu fulani anachohitaji baada ya kumjua. Ron Mace, msanifu wa majengo aliyetumia kiti cha magurudumu, ndiye aliyeeneza wazo la usanifu kwa wote, na yeye na wenzake waliorodhesha kanuni 7 mwaka 1997. Lakini hakuna kanuni inayoweza kubashiri kwamba mtoto fulani atahitaji ukuta wa rangi ya maziwa. Hilo mwalimu hulijua kwa daftari.

#19 Magurudumu2

Natumia kiti tangu nikiwa na miaka 3. Sikumbuki upana wa milango ya darasa langu. Nakumbuka siku ambayo mlezi mmoja alinitoa kitini, akaniketisha mkekani nikiwa nimeegemea ukuta, na mto wa mviringo chini ya magoti. Nilijua darasa lile kwa mwaka mzima, lakini siku hiyo ndiyo niliyoona kwamba chini ya meza kulikuwa na michoro ya kalamu za rangi, jua, samaki na nyuso, ambayo wenzangu walikuwa wameichora kwa siri muda wote. Kumbe kulikuwa na darasa jingine chini ya lile nililolijua.

Kwa hiyo jukwaa la SeremalaMkweli ni zuri, ila lisiwe sababu ya kutomshusha mtoto chini kamwe. Muulize kwanza mtaalamu wa viungo anayemhudumia namna salama ya kumketisha, kwa sababu misuli ya kila mtoto ina tabia yake.

#20 MwalimuTulivu

Nimerudi baada ya siku sita za shule. Nimesogeza rafu, njia sasa ina sentimita 95. Nimeondoa karatasi zote kwenye ukuta mmoja na kubakiza ratiba ya picha. Tumeweka kitambaa chini ya miguu ya viti vyote, na nimebadilisha mahali pangu pa kusimulia hadithi ili dirisha linimulike usoni. Msaidizi sasa huzunguka. Jukwaa bado.

Mtoto wa kiti cha magurudumu alikwenda kwenye matofali siku nne kati ya sita. Anayevaa vifaa alikwenda naye siku mbili, kisha akarudi mezani. Mwenye usonji hajahama hata mara moja. Siku ya tano nikaona jambo: mtoto wa kiti alirudi mezani akiwa na matofali manane mapajani, na watoto wawili wasio na ulemavu wowote walimfuata wakibeba mengine.

MikonoYasema, niliwatazama kama ulivyoniomba. Wana mchezo. Mmoja hugonga meza mara mbili, wa pili huweka kiganja ili auhisi mtetemo, wa tatu, yule asiyeongea sana, hugonga mara tatu. Hucheka kila inapofika zamu yake.

Kwa kuwa nimebadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja, siwezi kusema ni lipi lililofanya kazi.

#21 MikonoYasema

Umenifurahisha sana, mwalimu. Usiiondoe meza hiyo. Ubao unaotetemeka ni sauti yetu.

#22 Mlezi_K

Nami nasema msaidizi alipoanza kuzunguka ndipo hao wawili wasio na ulemavu walipopata ujasiri wa kuja. Watoto hawapendi kucheza mbele ya mtu mzima anayengoja.

#23 SautiChini

Au kelele ya viti imepungua kiasi cha kumwezesha yule mmoja kukaa kwenye matofali siku mbili. Piga kofi tena utujuze.

#24 MamaWawili

Mwalimu, fanya jambo moja. Watoto wakiondoka, keti wewe mwenyewe kwenye kiti anachokalia yule mwenye usonji, ukae dakika 10 zile zile za daftari lako, bila kuandika.

#25 MwalimuTulivu

Nimeketi leo. Nyuma yangu palikuwa na ukuta, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kupita mgongoni. Kushoto nauona mlango na kila anayeingia. Mbele naiona ratiba ya picha bila kugeuza shingo, na kona zote nne kwa mara moja. Sikuwahi kujua kwamba ukiwa kwenye kona ya vitabu huioni ratiba kabisa, kwa sababu rafu inaikata katikati.

#26 MamaWawili

Ratiba! Mwanangu hakuweza kucheza mahali ambapo haoni kinachofuata. Weka ya pili kwenye kona ya vitabu, ndogo tu, kwa kimo cha macho yake.

#27 Kipimo

Ipunguze rafu iwe ya kimo cha sentimita 75 na ratiba moja itaonekana kutoka kokote. Utamwona pia kila mtoto ukiwa umesimama popote.

#28 Magurudumu2

Mwalimu, kabla hujakata rafu wala kubandika ratiba ya pili, umeketi kwenye kiti kidogo cha darasani. Mtoto wa magurudumu macho yake yako juu kuliko hapo, na akishushwa mkekani yatakuwa chini kuliko hapo. Keti tena mara mbili, kwa vimo hivyo viwili, utuambie kama bado unaiona.